Sahani ya Pembeni

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu, baba yetu alikaa nyumbani bila kazi kama wanaume wote wa mtaa. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi, na bado tulicheka. Mdogo wangu, mtoto wakati ule, aligombania tonge na baba kwenye sinia. Hakuna aliyeona haya, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi. Kifo cha wengi harusi.

Leo mdogo wangu ana diploma ya chuo kikuu na hana kazi. Amepeleka barua zake katika kila ofisi ya Kasuku hapa mjini, mpaka walinzi wanamwita patroni, yaani bosi, kwa utani. Ninayeleta chakula ni mimi kaka yake, yaya kama anavyoniita, muuza vitenge. Sijawahi kumsimanga, Mungu ananiona. Lakini kwetu wanaume hula pamoja, sinia moja, mikono ikikutana, na yeye akaanza kuchelewa. Alikuja mimi na baba tukiwa tumemaliza, akasema ameshiba. Ameshiba nini? Nilikasirika, kisha hasira ikageuka hofu.

Mama, kwa huruma tu, akaanza kumwekea chakula chake pembeni, kwenye sahani yenye kifuniko. Lo! Nyumbani kwetu sahani ya pembeni ni ya mgeni au ya mgonjwa. Mdogo wangu aliifunua, akaitazama, akauliza taratibu:

"Mama, mimi njo mugeni hapa, ao mugonjwa?"

Tangu siku ile mdogo wangu hatoki chumbani, na tukimwita tule pamoja haitikii. Mwalimu wa msikiti amemsomea dua. Muuguzi amempa dawa za malaria. Majirani wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni mvivu, na hao wa mwisho natamani kuwazaba makofi.

Jana niliingia, nikaketi kitandani kwake. Amekonda, shati linamning'inia.

"Mudogo yangu, uniambie fasi gani iko inakuuma. Nitakupeleka kwa munganga, hata kama iko mbali."

Akauweka mkono kifuani, akaushusha tumboni, akaupandisha kichwani, kisha akauacha uanguke juu ya shuka.

"Yaya, kama ningejua fasi, ningekuonyesha."

Nilikuwa tayari kumbeba mgongoni. Sikujua nimpeleke wapi.