Masizi, Gundi na Kitambaa cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alianza kuiogopa mikono yangu kabla hajaniogopa mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeolewa Mbeya nikitokea Iringa, katika ile miaka ya hamsini, na nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko juu ya mji, katikati ya mashamba ya pareto na viazi. Yeye alisema Kisafwa, mimi Kihehe. Tulikutana kwenye Kiswahili, ambacho mimi nilikipata shule ya misheni na yeye alikiokota sokoni, kwa hiyo kila tulichoambiana kilikuwa kifupi, na kilisikika kikali kuliko tulivyotaka.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Akipeleka mizigo Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, au akielekea Iringa, alikaa njiani siku nyingi, na mvua zikishaanza hakuna aliyejua atarudi lini. Mimi sikuweza kutulia. Nikitoka kupalilia nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nikikaa, vidole vilichokonoa pindo la kanga mpaka likafumuka. Nikisikia injini inapanda mlima nilitoka mlangoni, nikarudi ndani, nikatoka tena.

"Wewe siafu imeingia kwa nguo?" mama mkwe aliniuliza siku moja.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi mume wangu akaniletea kitabu kikubwa kutoka duka la Mhindi mjini. Kilikuwa cha kuonyeshea wateja vipande vya vitambaa, na vipande vyenyewe vilikuwa vimebanduliwa karibu vyote, zikabaki kurasa ngumu zenye alama za gundi. Alidhani nitaandikia hesabu za nyumbani. Siku hiyo hiyo nilipika uji mzito wa ngano uwe gundi, nikabandika karatasi ya rangi ya fedha iliyotoka kwenye sanduku la majani ya chai, na juu yake kipande cha mfuko wa saruji, na pembeni picha ya kiberiti. Nilipomaliza nilitazama, sikupenda, nikabandua nusu. Mahali palipochanika palipendeza kuliko nilipobandika.

Tangu hapo sikuacha. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kuchonga kiazi na kupiga chapa kwenye vitambaa vya meza, maua mawili matatu yaliyopangwa kwa mstari. Mimi nilichonga viazi vyenye matuta ya shamba, kamba, meno ya kitana. Kwa wino nilikwangua masizi chini ya sufuria nikayachanganya na mafuta ya taa kidogo. Ghalani niliona magunia ya pareto yakipigwa herufi kwa bati lililotobolewa, nikatafuta kadi ngumu, nikaipaka nta, nikaikata matundu ya umbo la ndege, kisha nikagongagonga rangi kwa kitambaa kilichoviringishwa. Ndege mmoja, halafu mwingine juu yake, halafu wa tatu nusu nje ya ukurasa. Udongo mwekundu ulinipa rangi nyekundu. Viganja vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye mistari, na hata nikisonga ugali mama mkwe aliviangalia.

Kati ya vipande nilivyobandika kilikuwamo kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa kimechakaa, yeye mwenyewe alikigeuza cha kufutia kioo cha taa, kisha akakitupa jalalani. Nilipenda bluu yake iliyopauka. Nikakikata mraba, nikakibandika, na juu yake nikapiga chapa ya kiganja changu kwa masizi.

Mvua zilipokuwa katikati, goti la mama mkwe likavimba. Alishindwa kwenda shamba, akashindwa hata kuinuka bila kushikwa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja kumwuguza. Alikuwa mwanamke wa vitendo, si mtu wa kuzunguka maneno. Siku ya pili alipanga upya chumba kizima, akakiona kitabu, akakifungua.

Nilikuwa nachota maji. Niliporudi nilimkuta amesimama uwanjani nacho kifuani.

"Wifi, hii ni nguo ya nani?"

"Ya Mama. Aliitupa."

"Na huu mkono?"

"Wangu."

Aliingia ndani, nikamsikia akizungumza Kisafwa haraka haraka, na nikasikia sauti ya mama mkwe ikipanda. Niliyasikia maneno ambayo sikuyajua, na moja nililolijua, la uchawi. Ndoo ilikuwa bado kichwani, maji yananimwagikia mgongoni, na sikukumbuka kuitua.

Walimwita mzee wa kanisa. Alikuja mchana, amevaa koti, akaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mama mkwe aliketi kwenye mkeka, goti lake limefungwa majani. Mzee alifungua kurasa polepole, moja moja, akizigusa kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu, hii ni nini?"

Sikuwa na jina la kumpa. Nilisema, "Ngoja nikuonyeshe." Nilileta kiazi, nikakikata mbele yao, nikachonga, nikapaka masizi, nikapiga chapa kwenye ukurasa mtupu. Chapa ikatoka na mkia. Nilipiga tena, na tena, kwa sababu nikianza siwezi kuacha hata watu wazima wakinitazama. Wifi akasogea. Mzee aligusa masizi, akanusa kidole, akakipangusa kwenye koti.

"Uchawi sioni," alisema hatimaye. "Lakini kazi yake pia sioni."

"Haina kazi, Baba."

"Basi kwa nini unafanya?"

"Nisipofanya naona kama nitakimbia."

Mama mkwe alinyoosha mkono. "Hii kitambaa ni ya mimi. Toa."

Nilikibandua. Gundi ilikuwa imeshika, kikatoka vipande vipande, na chapa ya kiganja changu ikachanika pamoja nacho. Alivitupa motoni vyote, akavitazama mpaka vikaisha.

Mume wangu aliporudi nilimwambia nataka kwenda Iringa.

Akavua viatu vilivyojaa tope kabla ya kunijibu. "Nikupeleke, au nikurudishe?"

"Sijui."

"Basi nitakupeleka," alisema. "Kurudisha kunataka wazee."

Tuliondoka na mzigo wa viazi. Njiani, pale Igawa, tulisimama kwa sababu daraja lilikuwa limefunikwa na maji, tukala ndizi ndani ya lori tukingoja, na mimi nilishuka na kupanda mpaka utingo akaniuliza kama naumwa. Nyumbani mama yangu alinipokea kwa "kamwene", salamu yetu ya Kihehe, na machozi, kisha akauliza kwa nini sina mtoto ila nina kitabu. Nilidhani nitatulia pale nilipozaliwa. Haikuwa hivyo. Nilifagia uwanja wa mama yangu kama nilivyofagia wa mama mkwe. Nilisikiliza malori. Nilibandika majani ya ulezi, karatasi za sabuni, unyoya wa kanga, na kila ukurasa niliuona haujakamilika nikaufunika kwa mwingine.

Mvua zilipokatika mume wangu alipita na lori. Nilifunga mzigo mwenyewe nikapanda mbele.

Mama mkwe alikuwa akitembea kwa fimbo. "Umerudi na ile kitabu?"

"Nimerudi nacho, Mama."

"Weka mahali mimi sioni."

Nikakiweka juu ya dari, na kazi zangu nikazifanyia jikoni mlango ukiwa umerudishwa. Yeye alikaa nje akipukuchua mahindi. Miezi mingi tulikaa hivyo, ukuta katikati. Kisha mchana mmoja nikiwa nachonga mlima tunaouona kutoka uwanjani, mlango ulisukumwa. Alisimama na fimbo yake, akatazama chapa iliyokuwa bado mbichi.

"Siyo hivyo," alisema. "Huku inashuka pole. Huku ndiyo inakata."

Akachora hewani kwa kidole, kushuka taratibu, kisha ghafla chini. Nikachukua kiazi kingine. Nilichonga, nikapiga, akatikisa kichwa. Nikachonga kingine. Alikuwa hajaketi, na mimi sikuthubutu kumpa kigoda asije akaondoka.