Pampu nzima iko chini ya kitanda, kijiji kinachota maji mchangani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Gedion Nzau anapiga magoti kando ya kitanda chake na kuvuta gunia zito hadi mlangoni penye mwanga. Ndani mna kichwa cha pampu ya mkono, mpini wake, na mipira ya kuvutia maji iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni. Anapaka grisi, anajaribu bolti moja baada ya nyingine, anafuta vumbi.

Pampu hii haina kasoro. Haina hata kutu. Kisima ilikotolewa kiko mita mia nne kutoka hapa, na maji yamo.

Mkewe, Ndila, anampita mlangoni na mitungi miwili akielekea mtoni. Anachechemea. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Atachimba kwa bakuli mpaka maji yachuruzike, angoje yatulie, kisha arudi nyumbani mwendo wa saa nne.

Nzau, mwenye umri wa miaka 53, ni fundi wa pampu katika kijiji cha Kwa Mutheke, si mbali na soko la Kabati, Kaunti ya Kitui. Amezunguka hadi Makueni akifufua pampu za watu kwa shilingi elfu moja, na mara nyingine kwa kuku. Ya kijiji chake ndiyo aliyoing'oa.

"Niliitoa na hii mikono yangu," anasema. "Haikuibiwa, haikuharibika. Tuliambiwa tukiwa na maji hatuwezi kusaidiwa kupata maji."

Isome tena sentensi hiyo, msomaji, halafu uniambie kama nimekosea kukasirika.

Kisima hicho hakikuletwa na mfadhili. Mwaka 2009 waumini walichanga kanisani, na mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa leo kazi kwako na kesho kwangu, ukabeba mawe na maji ya saruji. Mpira ulipochakaa, kila nyumba ilitoa shilingi hamsini, Nzau akabadilisha, maisha yakaendelea. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na minne.

Kisha zikaja habari za wakfu wa kibinafsi wa familia moja ya ng'ambo, iliyotajirika kwa kuuza chakula cha mbwa. Wakfu huo ulitaka kufadhili mitambo ya maji ya sola vijijini. Wenyewe hawajawahi kukanyaga hapa. Hulipa shirika kubwa Nairobi, nalo hulipa shirika dogo mjini Kitui, nalo hutuma vijana wenye tableti kuwatafuta wenye shida.

Kila ngazi hukata gharama zake, na kila ngazi hudaiwa idadi: ni watu wangapi ambao hawakuwa na maji na sasa wanayo? Kijiji kilichotunza pampu yake hakiongezi hata mtu mmoja kwenye idadi hiyo. Ndiyo maana hakuna anayefadhili mipira.

Kasyoka Mulwa, mwenyekiti wa kamati ya maji, bado anaumia. Kijiji jirani, ambacho pampu yake ilikufa kwa kukosa mtu wa kuitunza, kilipata tangi na mifereji.

"Sisi tuliambiwa, 'Mama, nyinyi si walengwa.' Nikamuuliza huyo kijana, kwa hivyo tungekuwa wazembe ndio tungesaidiwa? Akacheka. Mimi sikucheka."

Februari 2023, baada ya ibada, kamati ilimwomba Nzau aitoe pampu kabla ya vijana wale kurudi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mtu akasema fundi anaogopa sola itamnyima kazi.

"Hiyo iliniuma sana," anasema. "Nikachukua spana."

Mwezi uliofuata wageni walikuja, wakawapiga picha akina mama mtoni, wakaandika kwamba hakuna maji. Kwa Mutheke kikawa nambari kumi na nne kwenye orodha.

"Tuliimba siku hiyo," anasema Kasyoka.

Septemba 2024 ilikuja barua. Bodi ya wakfu ilikuwa imeketi huko kwao na kubadilisha mkakati. Sasa pesa zinaenda kwa programu za simu za kuwashauri wakulima. Maji "yataangaliwa upya". Orodha haikufutwa, na kila baada ya miezi sita afisa hufika kuthibitisha kwamba kijiji bado kina kiu. Pampu ikirudi, jina linatoka.

Najua kuna watakaosema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo wakawaimbie wengine. Hawa walijichimbia kisima na kukilinda, mpaka alipotokea tajiri mwenye sharti la kumtuza mzembe na kumnyima mwangalifu. Walidanganya, ndiyo, na Nzau hakatai. Lakini sharti lile liliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuchimba maji kwa bakuli, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Yvonne, aliyekuwa afisa wa shirika hilo dogo mjini Kitui, anasema alishuku mapema.

"Kisima kilichokufa hakina alama mpya za spana," anasema. "Niliandika ofisini kwamba vijiji vingine vinataka mipira tu. Nikajibiwa fomu haina mahali pa kuandika hiyo."

Julai mwaka huu, shimo la Ndila liliporomoka mtoni.

"Mchanga ulinishika hadi kifuani," anasema. "Nasikia wenzangu wakiniita, lakini pumzi haiji."

Wanawake walimfukua kwa mabakuli yao. Mguu wa kushoto haujarudi sawa, na wiki mbili baadaye alikuwa mtoni tena, kwa kuwa nyumba haikai bila maji.

"Nilimwambia mzee, hiyo kitu unaipaka mafuta kila asubuhi. Mimi na huu mguu hujanipaka hata siku moja."

Nzau anainamisha kichwa mkewe anaporudia maneno hayo.

Amepanga kurudisha pampu Alhamisi. Vyuma virefu vya kisima viko stoo ya kanisa, na vinahitaji watu kumi na wawili kuviteremsha. Nusu ya kamati inataka kungoja ukaguzi wa Novemba. Wanasema mtu hawezi kungoja karibu miaka mitatu halafu aondoke mlangoni.

Ninamwuliza kama nifiche jina lake gazetini.

"Andika Gedion Nzau," anasema. "Andika na kijiji. Wakisoma, watatutoa kwa orodha, na hakutakuwa na kitu ya kungoja. Basi watu watakuja turudishe pampu."

Ninakwenda kwa Kasyoka, kwa sababu habari hii ni yake pia, na kwa sababu ndiye aliyeomba pampu itolewe. Namweleza alichosema fundi. Anatazama barabara inayoshuka mtoni, ambako akina mama wameanza kurudi na mitungi.

"Andika na langu," anasema.