Mizigo Tuliyofunga kwa Sababu ya Mgomba

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msomaji nivumilie nikizunguka. Mimi huzunguka hata nikitumwa chumvi.

Tulifika milima ya Uluguru miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mitumba ikaanza kumwagika sokoni Morogoro na kila mtu akawa mfanyabiashara. Tulitoka ng'ambo ya mpaka. Kule nyumba yetu ya ibada ilichomwa na majirani tuliokuwa tukiombana nao moto wa kupikia. Kosa letu lilikuwa namna ya kusali. Basi, sitaki kukaa sana hapo. Paroko mmoja wa Kikatoliki, ambaye hatukuwa hata waumini wake, alituombea kwa ukoo mmoja wa Waluguru, familia zetu chache zikapewa mteremko wa kulima na pa kujenga vibanda. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa akina mama, kwa hiyo aliyetukabidhi alikuwa bibi mkubwa wa ukoo. Alituonyesha kwa mkono: kutoka jiwe lile hadi kijito.

"Limeni maharage, limeni mahindi, mshibe," akasema.

Hakuongeza neno. Nadhani aliona mengine kila mtu anayajua. Sisi hatukuyajua.

Mke wangu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza wetu kuzaliwa huku. Kitovu kilipodondoka, mama yangu aliomba mche wa mgomba kwa wanawake wa kisimani, akakizika kitovu shambani na kuupanda mgomba juu yake, kama ilivyo kwetu. Siku hiyo aliimba. Tangu tuchomewe nilikuwa sijamsikia akiimba. Sauti yake ilikuwa mbovu kweli, Mungu amrehemu, lakini nilifurahi.

Tulikuwa na jirani, mwanamume wa ukoo ule ule, mtu wa masihara. Alipita, akauona mgomba, akasimama.

"Mgeni wangu, nani kapanda huu?"

"Mama. Ni wa mtoto."

"Mmekuja kulima maharage au kuchukua mlima?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanieleza kwamba aliyeazimwa ardhi ya ukoo hupanda kinachovunwa kikaisha. Mgomba hauishi, huzaa wana na wajukuu. Anayepanda mgomba au mti wa matunda anasema hapa ni kwangu. Na miaka ile matajiri wa Dar walikuwa wanapandisha magari huku kufuata kabichi na karoti, kila kipande cha shamba kikawa kinatazamwa.

"Bibi keshaambiwa," akasema. "Kesho asubuhi anakuja na wazee."

Uso uliniwaka. Watu wametupokea, nasi tumeonekana wezi! Nikamwambia mama.

"Kule tumefukuzwa kwa ajili ya Mungu," akasema, "huku tufukuzwe kwa ajili ya ndizi?"

Lakini mkononi alikuwa ameshashika kamba. Hakuna aliyetoa amri. Watu waliowahi kukimbia hawaitishi mkutano. Nilikwenda kwa wenzetu kuwapa habari tu, niliporudi kila kibanda walikuwa wanafunga vitu: masufuria, mikeka, hata kuku miguu kwa kamba.

Kulipopambazuka tulikuwa tumekaa kando ya njia juu ya mizigo yetu. Hatukutaka kutoroka, maana wangesema kweli ni wezi. Tulisubiri kuambiwa tuondoke.

Bibi akatokea kwenye kona na wazee wawili, na yule jirani nyuma yao kabeba jembe. Nikajua hilo ni la kung'olea.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Aliitazama mizigo. Akawatazama kuku. Halafu akakaa chini pale pale njiani, mtu mzima yule, na kitenge chake kipya.

"Nani kawafukuza?"

Mama akawavuta kuku karibu yake.

"Nauliza, nani kawafukuza? Mimi?"

"Bibi, tuliambiwa unakuja..."

"Nakuja kwenye shamba langu! Nisije?" Sauti ikamkatika. "Mnanikalia njiani na mizigo, watu wapite, waseme na huyu naye anachoma watu?"

Jirani akajitetea: "Mimi nilisema anakuja. Sikusema anakuja na kiberiti."

Hakuna aliyecheka. Mpakani askari alinivua viatu mbele ya mke wangu, wala sikuona aibu kama ile ya njiani. Ile ya viatu ilikuwa ya askari. Hii ilikuwa yangu.

Bibi aliinuka, akachukua jembe, akaenda shambani. Akauchimbua mgomba polepole, kitovu hakukigusa, kisha akaurudishia pale pale na kuushindilia udongo kwa viganja vyake.

"Sasa nimeupanda mimi," akasema. "Ni wa ukoo. Mtoto atakula ndizi zake, na miche itakayochipua pembeni mtaniletea." Akamgeukia mama yangu. "Na wewe wafungue hao kuku, wana kiu."

Watoto wa ukoo walitubebea mizigo kuirudisha ndani. Sikuweza kuwatazama usoni.

Yule jirani sasa ni mzee kama mimi. Hadi leo nikifunga mzigo, hata wa karoti za kupeleka mjini, siuinui kabla sijampigia kelele: "Narudi jioni!"

"Nani kakuuliza?" hunijibu kutoka uani kwake.

Nami uso huniwaka tena, najitwisha mzigo, nateremka.