Moshi Unaosafiri Nao

Siku moja naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho, mwanangu, maana macho yalikuwa yamejaa vumbi. Pikapu hii hii uliyoirithi ilitubeba kutoka Narung'ombe. Baba yako alishika usukani, mimi nikakaa pembeni yake, na nyuma, juu ya godoro, alilala bibi yako, mama mkwe wangu. Tumbo lilikuwa limemvimba tangu alfajiri, na daktari wa kumpasua alikuwa Nachingwea.

Basi siku zile fyuzi ya honi ilikuwa haikai. Kila ikitiwa mpya, inaungua. Mwenye akili angejiuliza inaunguzwa na nini. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mchapakazi na mpole, lakini kwa ubishi hakuwa na mwenzake. Alikata kipande cha waya akakichomeka mahali pa fyuzi, akapiga honi kijiji kizima kisikie. Nilisema nikachoka.

Ulikuwa msimu wa kusafisha mikorosho, kila mtu anachoma majani shambani kwake. Njiani nikamwambia nasikia harufu ya kuungua. Akasema watu wanachoma mashamba. Mbele kidogo nikamwambia tena, akajibu hilo hilo. Tukafika bondeni, maji matupu na mianzi, nikamuuliza ni nani anayechoma shamba humo. Akaongeza mwendo.

Aliyemsimamisha ni mgonjwa. Aligonga bati kwa ngumi mpaka mwanawe akakanyaga breki.

"Moshi wa shamba hubaki shambani," alisema, sauti imemkauka. "Huu tunasafiri nao tangu nyumbani. Ni wetu."

Baba yako alipofunua boneti, moto ulimrukia. Waya wa honi ulikuwa umechubuliwa na chuma na kugusa bodi, na zile fyuzi zote zilizoungua zilikuwa zinamwambia hivyo hivyo. Aling'oa waya wa betri, mimi nikamwaga mchanga kwa viganja. Moto ulizimika, lakini siku ile gari halikwenda tena. Bibi yako alimalizia safari juu ya baiskeli ya mpita njia, ameshikiliwa huku na huku, akafika hospitali jua limezama. Alipona kwa taabu nisiyotaka uione. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile guu lililoponea chupuchupu halikuwa la mbishi.

Na wewe je? Jana nimeisikia harufu ile ile hapa uani. Nimekuuliza, ukanijibu majirani wanachoma mashamba. Mwanangu, mvua inanyesha tangu juzi. Nimefungua kisanduku cha fyuzi mwenyewe, nikakuta waya umekaa humo kama wa baba yako. Nilitaka kucheka, nikakasirika. Mkeo ana mimba ya miezi tisa, na gari la kumpeleka Nachingwea ni hilo.

Sikiliza. Fyuzi ikiungua, ishukuru, kisha umtafute aliyeiunguza. Toa kwanza waya wa betri. Fuata nyaya kwa mkono toka mwanzo. Palipochubuka, au plastiki ilipolainika, ndipo penye neno. Ukishindwa, kuna mafundi umeme wa magari mjini, na kuuliza si ujinga. Kinachokuonya usikizibe mdomo, kiwe fyuzi, kiwe mke, kiwe mama yako huyu.

Nenda kautoe huo waya sasa hivi, nami nitakuombea. Mungu akupe masikio ambayo baba yako hakupewa, amvushe mkeo salama, na siku mtakayorudi na mtoto, gari linuke vumbi tu.