Sahani Iliyokuwa kwenye Kaunta ya Mama Anju

Miaka ile ya themanini, Kitale nzima sikumpenda mwenye duka kama Mama Anju, Mhindi aliyeuza vitambaa. Ukienda kununua pazia, anakumbuka upana wa dirisha lako, anauliza kama mtoto amepona kikohozi, halafu anakuambia ukweli: "Hii itapauka, mama. Chukua ile."

Asubuhi moja nilimkuta ndio anafungua. Kwenye kaunta palikuwa na sahani ya madonge manne ya njano, yananukia samli na sukari. Nikajiambia, huyu mama ana roho ya ajabu, ati sasa anaandalia wateja! Alipogeuka kunikatia kitambaa, nikawa namsimulia paa la nyumba yangu kule mtaa wa Tuwan linavyovuja, huku nameza moja, la pili, la tatu. La nne nililionea huruma kubaki peke yake.

"Tamu sana, bana!" nikamsifu.

Alikuwa ameshaweka mkasi chini na kuwasha udi; akageuka ameushika ukifuka, tayari kusali mbele ya picha ya mungu wao ukutani. Akaitazama sahani. Akanitazama mdomo.

"Yalikuwa ya Mungu hayo, Mama Wafula," akasema kwa upole. "Lakini usijali. Yeye atangoja nipike mengine. Wewe ndiye ulikuwa na njaa."