Unga wa Mwani na Mkono wa Khamisa

Khamisa binti Ayub hakuwa mtu wa kubembelezwa. Bibi harusi akimletea maua ya hina aliyoyaona kwa mchoraji mwingine, aliambiwa amfuate huyo huyo. Hata hivyo maharusi walimjia Voi kutoka hata Taveta. Mwaka huo wa tisini na saba bintiye wa pekee, Ruweida, angeolewa baada ya Idd, na Khamisa alikuwa ameapa kwamba mikono ile haitaguswa na mwingine.

Alikuwa na presha. Jedidah, nesi wa zahanati, Mdawida wa vilima vya Taita mwenye subira, alimpa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Kisha shemeji yake Zubair, mwenye duka, akamletea kutoka Mombasa kopo la unga wa kijani wa mwani uliokaushwa.

"Huu hulegeza mishipa, shemeji. Damu yapita bila kusukumana."

Zubair angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, lakini safari hii aliamini alichosema. Hata yeye alikuwa akiunywa. Khamisa akautia kwenye uji, na vidonge akaendelea navyo. Presha ikashuka. Sifa zote zikaenda kwa unga, vidonge havikupata hata asante.

Ramadhani ikaingia na joto la Januari. Kidonge cha asubuhi kingemfunguza, na kula mchana kisha kulipa siku hizo baadaye, kama mgonjwa anavyoruhusiwa, aliona haya. Sisi majirani tukamwambia amuulize Jedidah.

"Mkristo atajua nini habari za saumu yangu?" akatujibu. "Mwani ni chakula, nitaunywa nikifuturu. Wanitosha."

Akaviacha vidonge kabatini. Nasi, badala ya kumgombeza, tukamsifu kwa imani yake. Naumia nikikumbuka.

Kumi la mwisho la mwezi, akikaanga kaimati, mwiko ulimponyoka. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Kiharusi.

Jedidah alimfuata hospitalini, akakaa kitandani pake. "Mama Ruweida, si ungeniuliza tu? Wagonjwa wangu Waislamu nawabadilishia saa, wanameza wakifuturu. Huo mwani pengine unasaidia mishipa kidogo, mimi sijui, hata madaktari bado wanachunguza. Lakini huwezi kuacha dawa kwa sababu yake."

Kuuliza si ujinga. Hilo tunafundishwa tukiwa bado tunatambaa. Khamisa aligeuza uso ukutani, akalia.

Siku ya hina, Khamisa akiwa amesharudi nyumbani, mchoraji aliletwa kutoka Mombasa. Ruweida akampita, akaketi mbele ya mamake, akanyoosha mikono.

Khamisa akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mstari ukatoka mnene, ukayumba, ukamwagikia kidoleni. Akaupangusa upesi kwa leso yake kabla haujashika rangi.

"Wewe umetulia vizuri, mwanangu," akasema kwa ulimi mzito. "Haya, nenda kwa mwenzangu."