Ule Mwenye Kuumwa Kidole

Bwana yangu Muteba alikuwa mupigaji wa gitare mu korali ya hapa Dilala tangu mbele ya kuoana na mi. Batu banamujua kwa ile tu. Halafu ku garage kriki yenye kuinua motokari ikateleza, motokari ikamukata nusu ya kidole kikubwa cha mukono wa kuume. Kidonda kilipona. Muteba hakupona. Alitundika gitare ku musumari, akakataza mutu kumuulizia. Nyumba ikakuwa kimya mpaka nikaanza kuuchukia ule musumari.

Njo Blandine, mutoto wetu mwenye anasomea Lubumbashi, akamutumia audio ku telefone. Sauti ya Kifaransa ilieleza maisha ya Mujerumani wa zamani, Weiss, maître, fundi mukubwa, wa lutte. Mi na bwana tukaangaliana. Lutte, kupigana ya kuangushana mu muchanga! Tukasikiliza. Weiss alikuwa ku nyumba ya mufalme, anapiga, bakubwa banakaa kimya banamusikiliza. Siku moja mutu mwenye hasira akamuuma kidole kikubwa, karibu akikate. Pale pale mega za internet zikaisha, audio ikakatika.

Mi nilichanganyikiwa kabisa. Lutte, batu banaangaliaka, habasikilizake. Muteba yeye alikasirika, akasema mutoto anamucheka sababu ya kidole. Tukaita jirani Stany, mwenye alikuwaka anapigana mu stade mu ujana wake. Stany akasema kuuma ni kosa, Weiss alipashwa kupewa ushindi. Muteba akauliza, na bale bakubwa kumusikiliza, je?  Balibishana mpaka bukari, ule ugali nilipika, ikapoa.

Kesho yake Blandine akatutumia mega, akapiga telefone. Alicheka mpaka nikakasirika. Hapana lutte, akaeleza, ni luth. Ku sikio ni neno moja, kumbe luth ni ndugu ya gitare, tumbo yake ya mviringo, kamba mingi.

Muteba hakucheka.

"Ule mwenye kuumwa," akauliza pole pole, "alipiga tena?"

"Alipiga, Papa. Miaka mingi. Sikiliza."

Muziki ya Weiss ikaanza ku telefone. Ilikuwa ya ajabu, haina mwimbo, haina ngoma, sikujua mahali inaanzia wala mahali inaenda. Lakini chini kulikuwa kamba moja nzito inatembea yenyewe. Muteba akainua ile nusu ya kidole. "Pale ni hii njo inapiga," akasema.

Akashusha gitare, akapangusa mavumbi, akapiga kamba nzito na ile nusu ya kidole. Sauti ikatoka mbaya, kama sufuria iliyopasuka. Akatukana. Akapiga tena, mbaya vile vile. Mi nilikimbia ku jiko, nikalia, na mpaka leo sijue kama ilikuwa furaha ao woga.

Stany akachungulia ku lupango ya nyumba, akaniuliza mwishowe nani alishinda, Weiss ao ule mwenye kumuuma.

"Ngoja kwanza," nikamujibu, nikamuonyesha Muteba na gitare. "Bangali banapigana."